Kwa nini CD4 peke yake haitoshi kutambua aina za seli T

Ndugu aliyeuliza kwa nini CD4, protini iliyo juu ya baadhi ya seli za kinga, kwenye grafu yake ya flosaitometa (mashine inayotambua seli moja moja kwa mwanga wa kingamwili zilizotiwa rangi) inatoa makundi mawili, moja linalong'aa sana na jingine hafifu, na kama lile hafifu lihesabiwe, nitamjibu kwa jinsi tunavyoifanya kazi hii maabara.

Lile kundi hafifu kwa sehemu kubwa ni monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, ambazo nazo hubeba CD4, ila kwa uchache kuliko seli T saidizi. Kwa sababu hiyo, tunatenga kwanza limfosaiti (kundi la seli nyeupe lenye seli T) kwa CD45, protini ya seli nyeupe, na mtawanyo wa mwanga wa pembeni, tunabakiza zenye CD3, alama ya seli T, na ndani ya hizo tu ndipo tunapotazama CD4 na CD8, alama ya seli T uuaji. Hata CD8 hupotosha, kwani baadhi ya seli NK (seli uuaji asilia, ambazo si seli T) huibeba kwa uhafifu ilhali hazina CD3.

Kabla ya kutoa majibu, jumlisha asilimia ya CD4 na ya CD8, kisha ulinganishe na asilimia ya CD3 yote. Pengo dogo ni la kawaida, maana seli T nyingi za gama-delta, kundi dogo la seli T, hazina CD4 wala CD8. Pengo hilo likizidi alama 10 za asilimia, mimi huirudia sampuli. Kwa mtu mzima mwenye VVU aliye karibu na seli 200 kwa kila mikrolita, kiwango ambacho chini yake huhesabiwa kuwa na ugonjwa uliokithiri, kosa dogo la geti, yaani mpaka tunaouchora kwenye grafu kutenga kundi la seli, laweza kubadilisha huduma anayopewa.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, CD45RA na CCR7, alama nyingine mbili za juu ya seli, zitakugawia seli T hizo: zenye zote mbili ni changa, ambazo hazijakutana na antijeni (kitu kinachoamsha kinga), zenye CCR7 pekee ni za kumbukumbu ya kati, zisizo na yoyote ni za kumbukumbu tendaji, na zenye CD45RA pekee ni tendaji zilizokomaa kabisa. Ugumu uko kwenye CCR7, ambayo mara nyingi haitoi makundi yaliyoachana waziwazi, bali mteremko mmoja mrefu. Mpaka wake usiukisie kwa macho. Andaa tyubu yenye kingamwili zote isipokuwa ile ya CCR7, na uchore geti pale mwanga wa tyubu hiyo unapokoma. Kuipaka kingamwili ya CCR7 kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, kabla ya nyingine, kwa kawaida huongeza mng'ao wake.