Maswali Yenu: BBC ya zamani walikuwa wanarusha nini kutwa nzima?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Napenda sana picha za zamani na nakutana na zile za familia za Uingereza miaka ya 50, wamekaa wote wameizunguka redio kubwa ya mbao utadhani wanaangalia TV. Hivi walikuwa wanasikiliza nini hasa? Si BBC wangekuwa wanapiga tu santuri asubuhi mpaka usiku kama redio za siku hizi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la santuri kutwa lisahau kabisa, BBC hawakuwa na uhuru huo. Makampuni ya santuri na chama cha wanamuziki walikuwa wamewabana, saa za kupiga rekodi hewani kwa wiki ni chache na zinahesabiwa, manake wanamuziki waliona sahani moja ikizungushwa kila siku bendi nzima italala njaa. Kwa hiyo muziki mwingi uliosikika ulikuwa wa bendi yenyewe, watu wazima na tarumbeta zao wako studio wanapuliza.

Sasa chukua siku ya kazi mwaka 1950. Stesheni ziko tatu: Home Service ya habari na mambo mazito kiasi, Light Programme iliyoanza 1945 ambayo ndo ilikuwa kipenzi cha wengi, na Third Programme ya 1946 ya wasomi, hiyo ilifunguliwa jioni tu na wasikilizaji wake wachache mno.

Saa tatu na dakika chache asubuhi Housewives' Choice, kina mama wanaandika postikadi kuomba nyimbo, na hapo ndo zile saa chache za santuri zinaliwa. Saa nne na nusu inaingia Music While You Work na hii ndo naipenda kuliko zote, ilianza vitani 1940 ili wafanyakazi viwandani wasisinzie, nusu saa ya muziki mfululizo bila porojo, asubuhi na tena alasiri, mara nyingi bila hata mwimbaji kwa sababu maneno yanamfanya mtu asikilize badala ya kufanya kazi. Spika zilifungwa juu ukutani humo kiwandani, sauti inashindana na mashine. Kuna wimbo mmoja wa Kimarekani ulipigwa marufuku kwenye kipindi hiki, si kwa matusi wala siasa, ni vile una sehemu ya kupiga makofi, ikaogopwa wafanyakazi wataacha kazi waanze kugonga mashine kwa spana!

Mchana kulikuwa na Workers' Playtime, wachekeshaji na waimbaji wanaenda kwenye kantini ya kiwanda, watu wanakula huku shoo inaruka hewani. Halafu angalia ujanja wa ratiba. Saa nane kasorobo Listen with Mother ya watoto wadogo, robo saa tu ya hadithi na nyimbo, kisha saa nane kamili Woman's Hour, yaani mtoto ameshatulizwa, zamu ya mama sasa. Saa kumi Mrs Dale's Diary, maisha ya mke wa daktari, na kipindi hichohicho kinarudiwa kesho yake saa tano asubuhi kwa aliyekikosa. Saa kumi na moja Children's Hour kule Home Service, wanafunzi washatoka shule.

Saa moja kasorobo jioni usimtume mtoto dukani. Ni Dick Barton, mpelelezi, dakika 15 za ngumi na magari, kila siku inakatika jamaa yuko kwenye hatari. Mwaka 1951 wakaiondoa wakaweka The Archers, familia ya wakulima, ambayo ndani yake ilikuwa inapenyeza ushauri wa kilimo kwa sababu chakula bado kilikuwa kwa mgao. Vijana walinuna kweli, lakini The Archers ipo mpaka leo.

Usiku ni vichekesho, navyo vilikuwa na kitabu cha masharti: hakuna utani wa vyooni, wala wa chupi za wanawake, wala wa maharusi walioko fungate. Saa tatu Home Service kengele ya Big Ben inalia, habari. Usiku wa manane wanafunga, watu wakalale.

SWALI: Na kijijini kusiko na umeme je?

JIBU: Walitumia betri ya kioo yenye asidi ndani, ina mkono wa kuibebea, ikiisha unaipeleka duka la redio au gereji ikachajiwe na unalipa. Wenye akili walikuwa na mbili, moja nyumbani moja inachajiwa. Ukiinamisha vibaya njiani asidi inakutoboa soksi. Ndo maana mchana redio ilizimwa, chaji inatunzwa kwa ajili ya jioni. Redio za transista za Kiingereza, zile ndogo za betri kavu, zilianza kuuzwa 1956, mzigo huo ukapungua. Ila leseni ya kuwa na redio hukuikwepa, pauni 1 kwa mwaka tangu 1946, unaikata posta, na leseni ya redio peke yake, bila TV, haikufutwa mpaka 1971.