Kuhama mkopo wa nyumba kabla riba ya mkataba haijaisha muda

Kaka, umeuliza kama unaweza kuhamishia mkopo benki nyingine wakati bado miaka miwili riba ya mkataba wako iishe muda. Unaweza, ila mara nyingi utalipa faini ya kumaliza mkopo mapema. Iko kwenye barua ya mkopo uliyosaini. Mfano unadaiwa milioni 40 na faini ni 2%: hiyo ni 800,000. Riba ikishuka kutoka 17% hadi 15%, mwaka wa kwanza unaokoa karibu hizo hizo. Bado gharama za mthamini, wakili, na kufuta rehani ya zamani ofisi ya ardhi ili isajiliwe mpya. Mimi nilihamisha mkopo wa nyumba yangu ya Buswelu, Mwanza. Faini haikuniuma, kilichoniuma ni hati kukaa benki ya zamani wiki saba. Omba salio la kufunga mkopo kwa maandishi, lenye tarehe.