Kabla hujaweka dole gumba chini ya "mmiliki halali"

Nina steshenari ndogo hapa Mafinga. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi. Lakini tangu watu wa mbali waanze kumiminika huku kutafuta mashamba ya miti na ya parachichi, kazi inayoniweka mjini ni kuchapa mikataba ya mauziano. Wengi huja na kopi ya mkataba wa jirani: "Dada, we badilisha majina tu." Na humo ndani haikosekani sentensi moja, kwamba muuzaji anathibitisha kuwa yeye ndiye mmiliki halali wa eneo tajwa. Mnunuzi akishaisoma anashusha pumzi, anatoa simu atume hela.

Ndugu yangu, hiyo sentensi nimeichapa mimi. Haikutoka kijijini, haikutoka mahakamani. Ukitaka nikuandike kuwa mmiliki halali wa Mlima Rungwe nitakuandikia, utalipia karatasi na wino.

Asiye na haki juu ya ardhi hawezi kumpa mwenzake haki hiyo. Mahakama zetu zimeshalisema, na ipo hukumu ya mwaka 1992 ambayo mawakili hawachoki kuinukuu. Maana yake ni kwamba hata ukilipa yote, mashahidi wakasaini, mkapiga na picha mmeshikana mikono, kama aliyekuuzia hakuwa na haki ya kuuza, shamba hujapata. Ulichobaki nacho ni kumdai hela zako, na hela ya shamba huku huwa imeshageuka bodaboda au bati kabla ya mwezi kuandama.

Mashamba mengi ya vijiji vya Mufindi, Kilolo na Njombe yako chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hapo mwenye kauli ni halmashauri ya kijiji, ambayo wajumbe wake ni kati ya 15 na 25. Mwenyekiti peke yake si halmashauri. Nimeona mihuri ikigongwa juu ya meza ya kibanda cha chipsi, mgeni anarudi Dar es Salaam anajua amemaliza. Wewe usiye mkazi ndiye hasa unayetakiwa kuridhiwa na kikao. Omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichokujadili, wenye tarehe na majina ya waliohudhuria, na mtendaji wa kijiji akuthibitishie. Muuzaji akiwa na hati ya hakimiliki ya kimila, isome jina kwa jina. Na ukidaiwa "asilimia kumi ya kijiji", uliza kwa upole imeandikwa wapi, kisha dai risiti. Wengine hushuka bei hapohapo.

Balaa kubwa lipo kwenye mashamba ya urithi. Mzee amefariki, watoto wamekaa kikao cha ukoo, wamemchagua kaka mkubwa auze. Wanakuja na karatasi ya kikao, imesainiwa na baba wadogo na mashangazi, wanaamini imetosha. Haitoshi. Karatasi hiyo inampeleka tu Mahakama ya Mwanzo, na mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi kwa fomu namba 4. Mwambie akuonyeshe hiyo fomu. Halafu uliza kama shamba lenyewe limo kwenye orodha ya mali aliyowasilisha mahakamani, yaani fomu namba 5.

Kuna siku kaka mmoja alikuwa ananitajia mipaka, mimi nachapa, mnunuzi amekaa kwenye benchi. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, kimya muda wote. Nilipofika kwenye hilo neno "halali", nikawasomea kwa sauti kama ninavyofanya siku zote, yule dada akasema taratibu, "Na kipande cha mama je?" Kaka mtu akaanza kukohoa. Mnunuzi, mtu mwenye akili zake, akachukua koti lake akasema atarudi wakiwa wamemalizana. Mkataba haukumalizika, na hela ya karatasi akanilipa.

Ndiyo maana nashauri mkutane na muuzaji shambani, na mkewe awepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mke aliyelima na kupalilia shamba miaka nenda rudi anaweza kuwa na haki humo, hata jina likiwa la mume tu. Waulize na majirani wa pande zote nne. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo ukimya wa msimu wa kwanza na wa pili usiuhesabu kuwa amani.

Ukiambiwa shamba lina kinyungu chake bondeni, yaani bustani ya kiangazi kwenye udongo wenye unyevu, pima kutoka mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Bibi zetu wamelima vinyungu tangu zamani na mboga zake tumekula, nami sioni raha kulisema hili, lakini usilipie bei ya shamba kwa eneo ambalo kesho utaambiwa utoke.

Mipaka nayo: "kaskazini ni mlingoti mkubwa", yaani mti wa mkaratusi. Mwaka unaofuata mlingoti umeshakuwa nguzo ya umeme. Pandeni mawe, mchukue vipimo, mviandike.

Wapo wanaotaka niwachapie kwa Kiingereza ili mkataba uonekane wa kisheria zaidi. Nawakatalia. Mama aliyetia dole kwenye karatasi asiyoielewa atasimama mbele ya baraza la ardhi aseme hakujua anauza nini, na atasikilizwa. Kwa Kiswahili bei yangu ni ileile.