Usiukate huo "mti wa sago" kabla hujasoma hapa

Mkuu, weka panga chini. Umeuliza neno sago, yaani ule wanga wa chakula unaotoka ndani ya shina la mti, limetoka wapi, na kama huo mti uliouziwa kitaluni ukiukata utapata unga. Naanza na hilo la mwisho, maana picha yako nimeiona: shina fupi nene, makuti magumu yanayochoma. Huo ni Cycas revoluta, asili yake Japani. Si jamii ya minazi hata kidogo, una undugu zaidi na misonobari, na una sumu kuanzia mizizi hadi mbegu.

Mimi niliuziwa vivyo hivyo na muuza miche wa barabarani. Aliniapia kwamba shina likikomaa nitatoa unga wa uji. Nikaumwagilia miaka sita. Kumbe ulikuwa jike, ukazaa mbegu za rangi ya chungwa, watoto wakaziokota wakawa wanachezea bao. Sikuona neno. Jioni moja mbwa wetu Popi akatafuna mbili tatu. Usiku akatapika, nikadhani kala mzoga. Kesho yake hata maji hataki. Siku ya tatu macho na fizi vimekuwa njano, ndipo nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Nilipomwonyesha mbegu akatikisa kichwa: ini limeshaharibika, ungemleta usiku uleule. Dripu za siku mbili nimelipa, na Popi tukamzika nyuma ya banda la kuku. Kufua nguo za shule, tukakuta mbegu nne mfukoni mwa binti yangu. Nne!

Nikamrudia yule muuzaji. Ananijibu, "Bosi, mbona wenzako wanaupanda getini?" Mtu wa namna hii akifungua duka la dawa atagawa vidonge kwa rangi.

Na usije ukaniambia Wajapani wanaula. Okinawa waliula kwa njaa miaka ya 1920, na ambao hawakuuandaa sawasawa walikufa. Hata mtapo wa pwani yetu ni ndugu yake, sumu ni hiyohiyo.

Sago yenyewe ni Metroxylon sagu, mti wa vinamasi vya Papua na visiwa vya Maluku, Indonesia. Unapita mita 10, unachanua mara moja tu na kufa, kwa hiyo wenyeji huuangusha kabla haujachanua, wakatwanga moyo wa shina na kuuosha kwa maji mpaka wanga utuame. Jina ni la Kimalei, sagu. Zile punje nyeupe za dukani nyingi ni muhogo tu.

Ukiambiwa "mti wa sago", uliza jina la kisayansi: Metroxylon au Cycas? Muuzaji akibabaika, ondoka.

Wako umeshazaa? Chungulia katikati ya makuti leo hii, kabla watoto hawajarudi kutoka shule.