Haitiki jina lake, wanataka kumkata ulimi

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi 15, tupo Newala. Nikimwita hageuki, haonyeshi kitu kwa kidole, neno hana, ila mziki wa simu anaufata hata chumba cha pili. Bibi yake anasema ana udata, ile kamba ya chini ya ulimi imebana, akatwe ataongea, shoga angu anasema ni ADHD, ule ugonjwa wa kutotulia na kutokuwa makini. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mama. Asikatwe, tuanze na hilo, maana kila mara naletewa watoto wa miaka minne mitano walioshakatwa udata, wengine na kimeo juu, na bado hawaongei, muda mzuri wa kuwasaidia umeishia kwenye kungoja ulimi ufunguke. Udata uliobana unaweza kusumbua kunyonya, au baadae kutamka baadhi ya herufi, basi. Kwani mtu akiitwa anageuka kwa ulimi? Mtoto mwenye shida ya ulimi tu angekuvuta kanga, akunyooshee kidole kikombe anachotaka, halafu akuangalie usoni kama umeelewa. Hivyo ndo tunavyoviangalia kabla hata ya maneno, na kwa mwanao vinakosekana, kwahiyo usonji (autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, lazima uchunguzwe. ADHD kwa umri huu hatupimi, ni mpaka miaka 4 hivi.

Ila masikio kwanza. Mziki usikudanganye, mtoto anaweza kusikia ngoma asisikie vizuri maneno. Chukua kadi ya kliniki uombe rufaa ya hospitali ya Ligula, Mtwara, au Hospitali ya Kanda ya Kusini, na useme wazi haitiki jina na haonyeshi kidole, ukisema tu hajaongea utaambiwa wa kiume huchelewa, subiri. Mrekodi video akicheza nyumbani, hospitali atalia tu. Wakati unangoja kaa nae chini uso kwa uso, mtajie vitu, simu weka mbali.

Na nyie wengine, hela ya korosho ikiingia tu wanajaa wauza dawa za kufungua ulimi, kombe, hirizi, sijui kutoa sumu ya chanjo. Chanjo haileti usonji, ile makala ya 1998 iliyoanzisha hayo maneno jarida lenyewe liliifuta 2010. Dawa ya chupa ya kuponya usonji haipo, kinachosaidia ni mazoezi ya mawasiliano yakianza mapema, na mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea huyo hasubirishwi kabisa. Wembe wa mtaani unaleta pepopunda na damu isiyokata, kama ameshakatwa na damu inatoka mkimbizeni hospitali usiku huohuo, msimngoje aliyemkata aje kuongeza dawa.