Maswali yenu kuhusu wasiwasi: kiwanja, udhu na daladala

Swali: Shikamoo daktari. Nimepatana kiwanja Kibaha, kilichobaki ni kulipa. Kila nikishika simu nitume pesa, roho inasita. Wenzangu wanasema ni woga tu, nijikaze. Nitajuaje kama ni machale yananicheza kweli au ni wasiwasi? – Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Marahaba. Simamisha malipo kwanza, halafu andika kinachokusumbua kwa sentensi moja. Kikiandikika, mathalani "muuzaji hataki nizungumze na majirani" au "jina kwenye hati si lake", hiyo ni shaka yenye sababu, na wenzako wamekosea kukuambia ujikaze. Kaulizie: nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati, onana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na unaopakana nao wakuoneshe bikoni, yaani alama za mipaka, zilipo. Shaka ya namna hii hukoma ikipata jibu, liwe zuri au baya.

Wasiwasi hauna tabia hiyo. Ukijibu hili, linazuka lile: hati ni safi, lakini mafuriko je? Maji hayafiki, lakini nikiachishwa kazi je? Maswali yakizidi kuzaana baada ya uchunguzi kukamilika, tatizo si kiwanja tena. Na usiamue lolote saa nane za usiku. Saa hiyo mwili umechoka na kila jambo linaonekana baya kuliko lilivyo.

Swali: Asalaam aleikum. Narudia udhu mara sita, saba, hadi alfajiri inanipita. Namuuliza mume wangu kama ameona nikiosha kiwiko. Akisema ndiyo natulia kidogo, kisha yanarudi palepale. – Mama wa watoto wawili, Mombasa

Jibu: Wa aleikum salaam. Dada, huu si upungufu wa imani. Dalili zako zinafanana sana na ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia, na unatibika.

Kinachoulisha ni ule utulivu mdogo unaoupata. Ukirudia kuosha, hofu inashuka, na ubongo unajifunza kwamba kurudia ndiko kulikokuokoa. Kesho unadai mara nane. Jibu la mumeo linafanya kazi ileile, ingawa yeye anadhani anakusaidia.

Kwa hiyo tiba ni kutorudia. Funga bomba, tumia jagi lisilozidi lita moja. Hadithi inasema Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo haifiki lita. Kila kiungo kisizidi mara tatu, kisha toka bafuni na usirudi. Hofu itapanda, pengine kwa kishindo siku za mwanzo. Iache ipande, wewe sali nayo hivyohivyo. Haiwezi kubaki juu daima. Ukiiacha bila kuituliza hushuka yenyewe, na kadiri unavyozoea ndivyo inavyowahi kushuka. Ikiwa kuacha kote kwa mkupuo ni kuzito, panga ngazi: wiki hii udhu mzima mwisho mara nne, ijayo mbili, kisha moja.

Wengi hukwamia kwenye mbadala wa siri. Wanaacha kuosha, lakini wanahesabu upya moyoni, wanachungulia kama kiwiko kina maji, au wanampigia shehe wa pili baada ya wa kwanza kujibu. Yote hayo ni kurudia. Kubaliana na mumeo mapema kwamba ukiuliza atakuambia kwa upole, "Hilo tulipatana silijibu." Kanuni ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inakutosha: yakini haiondolewi na shaka.

Kama fikra hizi zinakula zaidi ya saa moja kwa siku, nenda kliniki ya afya ya akili. Mtaalamu atakuongoza ngazi kwa ngazi, na huenda ukapewa fluoksetini au setralini. Kwa tatizo hili dawa hizo huweza kuchukua hadi wiki 12 kuonesha kazi yake, basi usizikatize wiki ya pili kwa kuona hazisaidii.

Swali: Nikipanda daladala iliyojaa moyo unaenda mbio, midomo na vidole vinakufa ganzi, nahisi nakata roho. Nashuka kituo chochote. – Kijana, Mbagala

Jibu: Kwanza kapime: presha, wingi wa damu na tezi la shingo, maana upungufu wa damu na tezi lililozidisha kazi huleta mapigo hayohayo. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi, au yanayosambaa mkononi na tayani, ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Vipimo vikiwa safi, huenda ni shambulio la hofu. Ganzi inatokana na kuhema haraka kunakopunguza kabonidioksidi kwenye damu. Usivute pumzi kubwa, utazidisha. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, kwa dakika tano. Shambulio hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hulegea. Ukishuka kabla, unakosa kuona likilegea, na safari ijayo unaogopa zaidi. Anza na vituo viwili, saa ambayo gari halijajaa.

Vinywaji vya kuongeza nguvu viache. Diazepamu ya kujinunulia duka la dawa nayo iache: hutuliza haraka, ila mwili huizoea, na anayeizoea akiikatiza ghafla anaweza kupata degedege.