Dada wa Kaliua, fomu za utafiti hazijazwi jioni

Nimesoma swali lako kuhusu watafiti wanaotaka uwajazie fomu za wagonjwa hapo kazini kwako, mpaka pale ulipoandika "fomu nitakuwa najaza jioni nikitulia", nikaweka kikombe cha chai chini. Usijaze jioni. Mengine uliyouliza, sijui posho, jina kwenye ripoti, kama lazima ujue takwimu, nitayajibu nikikumbuka.

Mimi ni nesi wa zahanati, Urambo. Mwaka ule mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi, nimebaki na mhudumu tu. Likaja kundi la utafiti wa homa za watoto chini ya miaka mitano. Tukapelekwa Tabora mjini, semina siku mbili, soda, kalamu zenye nembo. Mratibu wao, kijana fasaha na kishikwambi chake, akasema: "Foleni ikiwazidi msihangaike. Andikeni MTUHA kwanza, fomu mtajaza jioni." MTUHA ni vile vitabu vya kituo tunavyoandikia kila mgonjwa. Nikamwamini kijana. Mtu kaja na gari jipya na projekta, mimi nani nimbishie?

Basi kila jioni nawasha taa ya sola, navuta rundo. Fomu inataka joto, uzito, kipimo cha malaria, na pumzi kwa dakika. Kwenye MTUHA nina jina, umri, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), ugonjwa na dawa. Pumzi hakuna. Navuta kumbukumbu: yule wa mama mwenye kitenge cha njano alikuwa anahema kidogo, weka 36. Huyu alikuwa mchangamfu, 32. Miezi mitatu, fomu 211, na mwandiko mzuri kweli, hilo hawakunisifu.

Akaja mkaguzi wa data, mama mtu mzima, mpole. Akakaa kwenye benchi la chanjo, fomu zangu kushoto, kitabu namba 5 cha MTUHA kulia. Baada ya muda akaniita. "Mwanangu, watoto wa kijiji hiki wote wanapumua kwa shufwa?" Nikatazama. 30, 32, 34, 36, 48. Hakuna 31 wala 43. Nikajitetea kwamba nahesabu nusu dakika nazidisha kwa mbili. Akanikumbusha kuwa mwongozo unataka dakika nzima, mtoto ametulia. Kisha akafunua fomu ya mtoto wa miezi 8: pumzi 48. Kwenye MTUHA siku hiyohiyo nimempa amoksilini, nimeandika nimonia. Kwa umri ule kuhema haraka kwa nimonia kunaanzia pumzi 50. Sikuwa na la kusema, nikaenda kuangalia friji ya chanjo ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Fomu zote 211 zikaondolewa. Ripoti ikasema muuguzi hakufuata utaratibu. Mratibu alikuwepo kikaoni, anaparaza kidole kwenye kishikwambi, kimya kama hakuwahi kunijua! Kumbe yeye alikuwa anapimwa kwa idadi ya fomu kwa mwezi.

Kinachoniuma si ripoti. Ni wale kina mama. Walitoka kwenye tumbaku, wakasomewa ridhaa, wasiojua kusoma wakaweka dole gumba mbele ya shahidi, wakakawia nusu saa zaidi kwa ajili yangu. Bibi mmoja alinikuta gulioni akauliza majibu ya utafiti wetu yametoka? Nikamwambia bado. Mpaka leo ni bado.

Kwa hiyo mgonjwa akitoka mlangoni, fomu yake imefungwa. Palipo wazi paache wazi, andika sababu. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika lililo sahihi, tarehe na saini. Wino mweupe utupe.

Umesema Marekani manesi wanaotibu wanafanya tafiti kwenye kliniki zao. Ni kweli, kada ile ilianzia Colorado mwaka 1965, na kliniki zao huungana kwenye mitandao ya utafiti. Lakini wewe huko Kaliua unatibu, unazalisha, unachanja na funguo za stoo unazo wewe.

Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, omba ukione kwa macho, hilo halina mjadala. Halafu Jumatatu wakileta boksi, kabla hujasaini waulize: kwa siku watoto wangapi, na nani atashika mizani na foleni wakati wewe umekodolea kifua cha mtoto dakika nzima? Wakikujibu "utajipanga", niandikie inbox nije niongee nao mwenyewe.